Maji ya Batiki na Mkaa wa Vifuu

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwishehe, kaja asubuhi pamoja na Atuganile wa bondeni. Nilijua kuna jambo – mjumbe hatoki kwake kabla ya chai kwa kutusalimia tu. Kisa ni maji yangu ya batiki. Yanashuka na mfereji mpaka kwenye matuta ya mchicha ya Atuganile. Sokoni wateja wameona mashina yana bluu, wakamwachia mafungu yake.

Mzee kasema hadi Jumamosi ya wiki ijayo maji yatoke kwangu bila rangi, la sivyo nisitie tena rangi nguo hapa. Na duka la hoteli kule Kunduchi wanasubiri vitambaa vya meza! Hasira zikanipanda. Nikamwambia Atuganile mchicha wake ulidumaa hata kabla sijahamia. Kageuka, kaondoka. Nimejisikia vibaya kutwa nzima lakini sijamfuata.

Jumatano, 4 Agosti

Eliaichi, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, kanikuta nimeshika tama. Anafundisha kemia sekondari. Kasema mkaa unanasa rangi, mradi uchomwe kwenye hewa kidogo, utwangwe na uoshwe. Si lazima mti – hata pumba, hata maganda.

Vifuu vya nazi hapa Mwananyamala vimezagaa kila jalala. Nimepita na gunia kwa mama lishe. Wakanicheka: "Mama Anwar, unafungua kiwanda cha kata za kuchotea maji?" Nikawajibu ndiyo, na nyie ndio wateja.

Jumamosi, 7 Agosti

Jivu! Pipa zima jivu!

Eliaichi alisema nichomee vifuu ndani ya pipa lenye mfuniko, nisilifunue mpaka lipoe. Mie nikafunua nichungulie tu. Hewa ikaingia, moto ukawaka upya, vifuu vyote vikaisha. Kaja kuangalia, kacheka mpaka kakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 8 Agosti

Leo nimeziba mfuniko kwa udongo nikaenda kwa dada, nisije nikashawishika. Nimerudi jioni, nikakuta vifuu vyeusi vizima, vyepesi, ukigonga vinalia. Nimevitwanga kwenye kinu cha mama mkwe. Sijui nitakirudishaje, mpaka mchi umekuwa mweusi.

Jumatatu, 9 Agosti

Aibu ya leo sijapata kuiona.

Nimetoboa ndoo chini, nikaweka kitambaa, mchanga, halafu mkaa. Maji ya kwanza yalitoka na vumbi jeusi, nikaosha mkaa tena na tena. Kisha nikamimina maji ya bluu yaliyobaki, yangali moto moto kutoka kwenye kazi. Yakatoka karibu meupe! Nikakimbia bondeni bila hata viatu kumwita Atuganile. Tunafika uani – maji kwenye ndoo ya chini yamerudi kuwa bluu kabisa.

Kaniangalia. "Mama Anwar, umeniacha na kazi zangu uje unifanye mtoto?"

Kaenda zake. Nimekaa pale nikijitukana. Bluu hii ndivyo ilivyo! Ndani ya dawa ya kuyeyushia rangi inalala, ikipata hewa inaamka. Kila siku nachomoa kitambaa kikiwa kijanijani, nakianika, kinageuka bluu mbele ya macho yangu. Kwenye kitambaa najua. Kwenye ndoo nikasahau.

Alhamisi, 12 Agosti

Sasa nayamwaga kwanza kwenye mabeseni, nayakoroga na mwiko, yakae wazi mpaka bluu yote iamke. Ndipo nayapitisha kwenye mkaa. Nimejaza chupa ya jamu, nimeilaza dirishani usiku kucha. Asubuhi bado nyeupe! Nimemwonyesha Eliaichi, kanipa mkono kama mwanafunzi wake aliyefaulu. Nimefurahi kupita kiasi. Kila saa naenda kuiangalia ile chupa.

Jumamosi, 14 Agosti

Mzee Mwishehe kaja na Atuganile, shikamoo, marahaba, moja kwa moja kwenye debe la maji niliyochuja. Kachota kwenye glasi, kainyanyua juani, kaisubiri. Nadhani alishasimuliwa ya Jumatatu. Haikubadilika. Kasema kwa upande wake maneno yamekwisha, niendelee na kazi.

Nikamwomba Atuganile radhi kwa yale ya mchicha kudumaa. Kasema yalishapita. Halafu akaniambia nisiyamwage maji haya, kisima cha bondeni kimekauka, kesho asubuhi atakuja kuyachukua amwagilie miche mipya. Nikasema karibu sana, tena kwa moyo mweupe.

Jioni nikaosha lile debe kwa nje, maji yakanimwagikia. Vidole vikateleza. Nikadhani sabuni, nikasuuza, nikatia tena mkono ndani ya yale maji. Utelezi uleule. Ni kostiki. Bluu haikolei bila kostiki, naitia mwenyewe kila siku, ndiyo ile ile ya kupikia sabuni. Mkaa umekula rangi, kostiki umeiacha.

Nikamwita Eliaichi. Kayagusa, kasugua vidole. Kasema kweli, hiyo mkaa hauikamati, na miche itaungua. Labda ndimu au siki, ila itabidi tujaribu kidogo kidogo, huenda ikachukua wiki kadhaa. Hakusema nifanye nini kesho. Nami sikumwuliza.

Nikisema, Mzee Mwishehe atanifungia tena na Kunduchi watatafuta mtu mwingine. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Maji yanaonekana safi kuliko ya bomba.

Jumapili, 15 Agosti

Atuganile kaja mapema. Namsikia anaweka ndoo zake chini, mbili, anaimba nyimbo za kanisani kwao. Debe liko hapa mlangoni.

Hodi.

Yangekuwa na rangi angeona mwenyewe, nisingekuwa na la kusema.

Kapiga hodi tena, kacheka, kaniuliza kama bado nimelala. Nimeitikia karibu. Naandika huku mkono wa kushoto umekandamiza mfuniko wa debe, na mkono sijauondoa.