Hema Lisilo na Vyuma

Amukura, 4 Agosti 2025

Mwanangu Aguti,

Yoga! Nakusalimu kwa Kiteso chetu usije ukakisahau. Uko aje huko Doha, na lile joto limepunguza hasira? Sisi tuko salama, hata mgongo wangu umetulia tangu mvua ianze.

Sasa kaa chini kwanza. Wageni wanakuja! Lile tangazo ulilotuwekea kwa simu, la watu kupiga kambi kwenye kilima chetu, limejibiwa. Ni baba, mama na watoto watatu kutoka Kisumu, wanafika Jumamosi. Nimefyeka nyasi kule juu, nimepaka choo chokaa. Usingizi hauji, utadhani ni mimi naolewa.

Ila baba yako mdogo Okiria ameshupaza shingo. Anataka kilima kilimwe miwa. Alisema mbele ya ukoo wote, "Ni nani mwenye kitanda chake atakayekiacha aje alale kwa nyasi?" Tumekubaliana hivi: wageni wakitoka na furaha, kilima kinabaki chetu. Wakikimbia, Jumatatu analeta ng'ombe wa kulima. Na unajua tangu baba yako afariki hatuna shamba pengine.

Nijibu kwa simu hii hii, uniambie nitayarishe nini.

Mama yako, Akiror


Doha, 5 Agosti 2025

Mama yangu,

Habari ya nyumbani? Mimi mzima. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wa chumbani wakadhani nimepata msiba!

Mama, jambo moja ulijue: wageni wa kambi husahau vitu. Hapa hotelini mimi ndiye huwatandikia wanaokwenda kulala jangwani, na kila mara dereva anarudishwa kuchukua kilichosahaulika. Kiberiti hakipo. Chumvi haipo. Tochi ipo, betri hazimo. Wanabeba mikebe ya maharagwe na cha kuifungulia kimebaki jikoni. Mtu akifurahia safari roho hutangulia, mizigo inabaki. Kwa hivyo weka hivyo vitu karibu, na blanketi pia, maana watu wa Kisumu hawaijui baridi ya kwetu ya asubuhi. Na usiwacheke!

Lingine. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na bosi anataka nisaini tena. Sijamjibu. Tafadhali usiniambie lolote, niache nifikirie.

Binti yako, Aguti


Amukura, 11 Agosti 2025

Aguti wangu,

Natumai umeshinda vyema. Mimi furaha hainiishi.

Walifika mchana, wingu jeusi likipanda kutoka Uganda. Okiria alikuwa amekaa juu ya jiwe na panga lake, anangoja tuaibike. Yule baba, Derrick, akamwaga mizigo yote chini. Hema liko. Kamba ziko. Vyuma vya kulisimamisha viko Kisumu!

"Si nilikuuliza kama umevibeba?" mkewe Benta akasema.

"Ulisema viko kwa begi la bluu!"

"La bluu ni nguo za watoto!"

Nilikuwa na kiberiti, chumvi, betri, kila kitu ulichosema. Vyuma vya hema ningevitoa wapi? Ngurumo ikapiga. Derrick akaanza kukunja. "Turudi tu." Moyo wangu ukashuka hadi kwa viatu.

Lakini katoto kao ka mwisho kalikuwa kamekaa katikati ya hema, kakakataa kuinuka. Okiria akakauliza, "Wewe unataka nini?"

"Nataka nyumba ya nguo."

Okiria akaangalia wingu. Akaangalia mtoto. Akashuka mbio kwenye mianzi yake, na aliporudi alikuwa amebeba mzigo wa mianzi begani, anapiga kelele, "Shika huku! Pinda! Kaza, bwana, mvua haingoji!" Derrick anavuta, Benta anafunga, mimi nachekelea. Hema likasimama, likiinama kama ng'ombe anayechechemea, lakini likasimama! Mvua ilipopiga, watoto walikuwa ndani wanaimba.

Wameondoka leo, na wameomba nafasi ya Desemba. Okiria alikuja jioni akakohoa mlangoni. "Shemeji, mianzi yangu haitatosha wakija wengi. Miwa tuiache. Tupande mianzi."

Mama yako anayecheka peke yake


Amukura, 25 Agosti 2025

Mwanangu,

Hujambo? Umenyamaza sana. Simu yako hailii. Kama umesaini, usiogope kuniambia. Hakuna atakayekulaumu hapa. Niandikie hata neno moja.

Mama


Nairobi, 31 Agosti 2025

Mama,

Pole kwa kukutia wasiwasi. Mimi mzima kabisa. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukupa furaha nusu, mpaka bosi aniachilie na anirudishie pasipoti yangu mkononi.

Sikusaini! Nimeshuka kwenye ndege alfajiri, na sasa nangoja basi la Malaba.

Usinitandikie kitanda. Miaka hii yote nimekuwa nikitandikia watu wengine kwenye mahema na sijawahi kulala ndani ya hata moja. Leo ni zamu yangu. Nimebeba hema, vyuma sina; mwambie baba mdogo anisimamishie kwa mianzi yake kule juu kabisa, mlango uangalie mwamba wa Tororo kule Uganda, na wewe uje na blanketi lako tulale wote.

Aguti, niko njiani