Bakuli kwa Mama Zuhura

Chanika, Jumanne usiku

Kumbe sina ubaya na Mama Zuhura. Nimechoshwa tu na kukaa bure.

Tangu nifungwe plasta mguuni, kazi yangu ni kukaa dirishani. Leo nikaanza kuwaza bakuli langu lililoko kwa huyo jirani. Mbona harudishi? Mbona jana alipita akicheka? Hadi mchana nilishaamua kwamba ananidharau.

Jioni akaja nalo, limejaa mihogo ya kuchemsha.

“Nisamehe shoga yangu, sikuwa na cha kuweka. Ningekurudishiaje tupu?”

Nilishindwa hata kumtazama. Mie namtafutia makosa, mwenzangu anatafuta cha kunipa. Mguu ungekuwa mzima, hilo bakuli nisingelikumbuka kabisa.

Plasta bado haijatolewa. Na mume wangu leo kachelewa kurudi. Eti foleni.