Gari la Mama Limeezekwa Korogwe

Durban

Kwako mdogo wangu Shabani,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe na nyumba yako? Wifi amepona kile kikohozi, na watoto wanakwenda shule? Nauliza yote haya kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, mtu humsalimu mwenziwe kwanza hata kama amemkasirikia. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ni ile ile, kuosha magari ya mitumba kwenye yadi karibu na bandari, na baridi ya huku sasa inaingia mpaka kwenye mifupa. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unatoka kwako. Nikikupigia unakata. Nikikutumia sauti husikilizi. Basi nimeandika kwa mkono na kumpa mtu anayerudi Handeni akukabidhi mbele ya watu, tuone karatasi utaizimaje.

Nataka nianze mwanzo, maana naona umesahau. Mama yetu hawezi gari lililofungwa. Hili si siri, Mazingara nzima inajua. Unakumbuka siku ile stendi ya Handeni, alipopanda basi na limao lake puani, na dereva hajawasha hata injini, mama akashuka anatapika? Harufu ya viti tu ilimtosha. Lakini kwenye lori la machungwa, juu kabisa ya mzigo, kanga kaifunga kichwani, alikuwa anakwenda mpaka Hale kwa dada yake huku anaimba. Kila baada ya mavuno alikwenda, na akirudi ana habari za mama mkubwa za kutusimulia mpaka mvua zinaanza. Kisha trafiki wakawa wakali, madereva wakakataa kubeba watu juu ya mizigo. Nyonga ya mama nayo ikaharibika, kwenye bodaboda hawezi kukaa. Mama mkubwa kule Hale miguu ikamvimba, naye hatoki. Dada wawili wa tumbo moja wakabaki kuonana kwa simu tu, na simu zenyewe za tochi, hazina hata picha.

Ndiyo maana nilipoliona lile gari pale yadini nilisimama na ndoo mkononi. Gari la kizamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, paa lake turubai linalokunjwa nyuma mpaka gari linabaki wazi kama sinia. Lilikuwa limekaa kona muda mrefu, hakuna anayelitaka. Wenzangu walinicheka, wakasema hilo ni gari la wazee wa kizungu kwendea ufukweni. Nikawaambia hilo ni gari la mama yangu kwendea Hale. Nilimwomba tajiri anikate mshahara kidogo kidogo, na nauli niliyokuwa nimeiweka nije kula Idd na ninyi nikaitia humo. Wewe ukaniuliza kwa nini nisinunue pikapu. Nikakujibu, na leo nakujibu tena: mama si gunia. Nilitaka akae kwenye kiti, aegemee, na upepo umpige usoni.

Na lilimfaa, Shabani. Hilo ndilo linaloniuma. Lilipofika ulimzungusha mama hapo Mazingara, kutoka nyumbani mpaka msikitini mpaka gulioni, wifi akanirekodia video. Mama anacheka, kanga inapepea, anawapungia watu mkono kama mke wa mbunge. Nilimwonyesha kila mtu pale yadini, hata tajiri. Ukaniambia wiki inayofuata unampeleka Hale. Kabla ya hapo, ukasema, acha ulipeleke Handeni mjini likakaguliwe breki.

Breki gani. Vijana wa stendi walikucheka, wakakuuliza paa umelisahau wapi, na wewe mwanaume mzima ukaona aibu. Ulishindwa hata kuwajibu kwamba hili ni gari la mama yangu. Ukalipeleka Korogwe kwa fundi wa kuchomelea. Akakata paa la gari bovu, akalichomelea juu, akapiga puti na rangi. Turubai mkatupa, na vioo vya nyuma tangu siku hiyo havifunguki. Ukanitumia picha kwa furaha, na maneno yako ninayo mpaka leo: "Dada, sasa gari limekuwa gari." Nikakuandikia hapo hapo, mama atapandaje? Ukajibu kwamba umemhurumia na jua na vumbi, halafu ukaongeza kwamba akili za kuambiwa changanya na za kwako. Haya, umechanganya, tumeona. Wiki haikwisha gari likawa linapakia abiria wa Handeni na Korogwe, wamebanana nyuma kama kuni.

Halafu mama mkubwa akazidiwa. Alipiga simu mwenyewe, sauti imekwisha, akamwambia mdogo wake njoo tuonane. Mama akapanda. Alijua kitakachompata na akapanda hivyo hivyo, na limao lake, na mfuko wake wa kutapikia, kwa sababu dada yake amemwita. Wifi ndiye aliyenieleza, wewe ulificha. Hata lami hamjaifikia, mama ametapika mpaka nyongo, amelegea, shingo haisimami. Ukageuza. Sikulaumu kwa kugeuza, ungeendelea labda ungetuletea msiba wa pili. Nakulaumu kwa lile bati lililokuwa juu ya kichwa chake. Kesho yake asubuhi mama mkubwa akafariki, na alasiri wakamzika. Mama alikuwa amelala mkekani Mazingara, anapewa uji kwa kijiko.

Na huko msibani naambiwa uliwaeleza watu kwamba mama anadeka tu, ni mambo ya kichwani. Shabani. Mama aliyetulea kwa jembe la mkono, ambaye hata siku moja hatujamsikia akisema anaumwa, leo anadeka? Nimekasirika mpaka nimekosa tusi la kukutukana. Sabuni inaniunguza vidole, nikimaliza gari moja linasogezwa lingine, na kila paa ninalolifuta nakukumbuka wewe. Ule mkato wa mshahara bado unaendelea, ujue. Nalipia gari ambalo mama yangu akilisikia tu likiingia uani, tumbo linamvuruga.

Nilikusudia barua hii ikuamuru urudi kwa fundi wako mkalikate hilo paa. Nikampigia mama kwanza nimwambie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwache mdogo wako na gari lake. Mimi Hale nilikuwa nakwenda kwa mtu, sikuwa nakwenda kutazama bwawa lao la umeme."

Basi libaki na paa lake, ubebe abiria wako. Sina tena la kukuamuru.

Nisalimie wifi, mwambie namshukuru kwa kuniambia ukweli, na usithubutu kumgombeza kwa hilo. Wabusu watoto. Msalimie mjomba Athumani, Mungu amlipe kwa kumchotea mama maji kila siku, na shangazi yetu wa vitumbua hapo Handeni mwambie mzigo wake wa vitenge nimeupata bei nzuri. Watoto wa marehemu mama mkubwa nimewapigia mwenyewe kuwapa pole. Walinipokea vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini mama hakuja kuzika, na afadhali wangeuliza.

Kwa mama usipeleke salamu zangu. Nitampigia mwenyewe. Vitu ninavyompitishia kwako vinamfikia vimeshakuwa vingine.

Dada yako,
Mwanaidi