Emacs ya Steshenari

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ephraim kapiga simu. Miezi kumi na moja kimya, leo "Happy, mambo?" Kama tumeachana jana sokoni.

Mfumo wa friji una shida. Vijana wa ofisini kwake Mwanza hawajui Lisp, lugha niliyoandikia programu yake, wakifungua wanaona mabano tu. Yeye mwenyewe haandiki tena, siku hizi ni meneja.

Meneja! Wa programu niliyoiandika mimi, chumbani kwangu Nyasho, hapa Musoma, miaka miwili. Yeye alikuwaga anakuja na chapati na maneno. Kisha akaenda kuionyesha Dodoma, akasimama mbele za watu akasema "nilipoibuni". Ni-li-po. Mtu mmoja.

Nikasema nitaangalia. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Bwana Fahadi wa Bunda, mwenye duka la dawa za mifugo. Ndiye wa kwanza kabisa kutukubalia tufunge kipima joto kwenye friji yake ya chanjo. Sasa wateja wanamrudia: kuku waliochanjwa wanakufa na mdondo. Ila skrini inasema friji iko nyuzi nne, sawasawa, siku zote.

Jumanne, 4 Machi

Programu ile haizimwi. Maduka saba yanaitegemea, Musoma mpaka Bunda na Butiama. Unaingia ndani yake ikiwa inatembea, unabadilisha mstari mmoja, inakujibu hapo hapo. Huo ndio utamu wa Lisp. Lakini lazima uwe na Emacs, programu ya kuandikia hiyo Lisp, iliyopangwa vizuri, na yangu ilibaki kwenye laptop, na laptop ilibaki kwa Ephraim. Mipangilio ya miaka minne!

Nimebaki na kompyuta ya hapa steshenari, ninayochapia watu CV. Emacs yenyewe imeingia vizuri. Vifurushi vyake vya nyongeza vya kupakua mtandaoni vimegoma — kila kimoja kinadai cheti cha usalama si halali. Saa nne nzima, huku watu wananipa vitambulisho niwatolee kopi. Mwishowe ndipo naona: betri ya ndani imekufa, kompyuta inaamini huu ni mwaka 2010, vyeti vya leo haivitambui.

Nimerekebisha tarehe, vimeingia vyote. 2010 nilikuwa darasa la tano, wa kwanza kwa hesabu. Bora ningebaki huko.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi kupakwa jivu. Sikuhitaji kukumbushwa kuwa mimi ni mavumbi.

Leo mabano. Nimeipanga ukifungua moja inafunga lenzake yenyewe, na kila jozi rangi yake. Vidole havijasahau. Nimeandika (+ 1 2), ikajibu 3. Nikacheka peke yangu. Mteja akauliza, vipi dada, umepata mchumba? Nimemwambia nimepata tatu.

Kuingia kwenye mfumo wenyewe — nimekataliwa. Wameziba njia huko kwao. Nimemwandikia Ephraim afungue. "Niko kikaoni."

Alhamisi, 6 Machi

Bado yuko kikaoni. Mvua tangu asubuhi.

Nimempigia Bwana Fahadi mwenyewe. Sauti imekauka, yuko kwenye saumu. Anasema, dada Happy, mimi nauza dawa au nauza maji? Watu wananitazama kama tapeli, na mwezi huu mtukufu! Halafu akashangaa kuwa nipo Musoma. Ephraim alimwambia nimeolewa, nimehamia Arusha.

Nimeolewa!

Ijumaa, 7 Machi

Njia imefunguliwa. Nimeingia.

Kishale kinapepesa, na upande wa pili programu yangu iko hai, inahesabu. Nikafungua faili moja moja. Jina langu limefutwa kila mahali. Mwandishi: Ephraim. Mwandishi: Ephraim. Kumi na tisa nimezihesabu. Nikaandika mstari mmoja ambao ungefanya skrini za maduka yote saba zionyeshe MWIZI. Ulikuwa umekamilika, bado kubonyeza tu. Nimekaa nao kama dakika kumi. Nikaufuta.

Nikaiuliza habari za friji ya Bunda. Ikajibu: 4.0, 4.0, 4.0, 4.0. Toka tarehe 14 Februari! Friji gani hiyo haipandi wala haishuki hata kidogo? Umeme ulikatika siku tatu wiki ile, kipima joto kikafa nao. Na kikinyamaza, programu inarudia namba ya mwisho kana kwamba imeipima sasa hivi.

Nani mpumbavu aliandika hivyo? Nikautafuta mstari. Juu yake kuna maelezo, hawakuyafuta, labda hawakuyaelewa: "kwa muda tu, nitarudi — HM."

Happyness Magesa.

Nakumbuka siku ile. Ephraim alikuwa na maonyesho kesho yake, akasema sehemu ya namba ikibaki tupu kwenye skrini tutaaibika. Alisema yeye. Vidole vilikuwa vyangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerekebisha asubuhi. Mistari sita, bila kuzima chochote. Friji tano zimebaki na namba zake. Mbili zimegeuka: Bunda, HAIJULIKANI. Butiama, HAIJULIKANI.

Bwana Fahadi nimemwambia ukweli wote, kuwa kosa ni langu. Kasema, basi chanjo zote nizitupe. Kakata.

Dakika hiyo hiyo kapiga Ephraim: umefanya nini, Happy, rudisha, wafadhili wako hapa wanaangalia skrini! Rudisha mpaka jioni tu, tafadhali. Nimemkatia simu.

Kabla sijampigia Mama, aliyeko Mwitongo, Butiama, na kuku zake, amenipigia yeye. Ana furaha. Majirani wamekusanyika kwake, kila mtu na kuku zake kwenye tenga, leo wanachanja wote kwa pamoja. Dawa wamechukua jana kwenye duka letu la Butiama. Anasema, nimewaambia hiyo dawa inalindwa na kompyuta ya mwanangu, hebu wasalimie, nimekuweka spika.

Nikasema, Mama, ondoa spika kwanza. Hajui inaondolewaje. Kasema, ngoja, mwenyekiti wa kitongoji anataka kukupa mkono wa hongera, namwita, usikate.

Sijakata. Naandika huku simu iko mezani. Ephraim anapiga juu yake, naminya, anapiga tena. Nasikia kuku, nasikia akina mama wanacheka kwa Kizanaki. Mtu anasogea karibu, anakohoa, anauliza, haya, huyu ndiye mtaalamu wetu?