Pale Maji Yalipofika

Mama,

Bwawa limekwisha kujengwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua usingetaka habari za afya zetu kabla ya habari za mto. Sisi ni wazima. Kanana wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anaongea kuliko chiriku.

Sasa sikiliza. Ule mfereji wa kupitishia maji ya mafuriko haukuchimbwa upande wa kijiji kama walivyopanga. Umechimbwa ng'ambo, kwenye mwamba, vile vile ulivyosema. Umeshinda, Mama, na nasikitika kwamba hukuwepo kumwona chifu akimeza mate.

Unalikumbuka lile baraza la kwanza. Hali ya Hatari ilikuwa imetutoa mashambani mwetu na kutubananisha katika kijiji kimoja kule bondeni, chini ya Githongo. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, kwa hiyo bwawa lilikuwa letu sisi wanawake, kazi ya lazima na bila malipo. Bwana wa wilaya, yule Mzungu, akaeleza kwamba mfereji utapita kando ya nyumba zetu, kwani udongo wa huko ni laini na kazi itaisha upesi. Ukasimama. Ukasema mto ukijaa, mfereji huo utatuletea maji mpaka kitandani, afadhali uchimbwe ng'ambo, kwenye mwamba. Chifu akakuambia, "Wewe mama, hii maneno ya mto ni ya wanaume. Kaa chini." Nawe ukamjibu, "Nyinyi mnasikia tu mafuriko. Sisi ndio tunateka hayo maji."

Niliona aibu. Nilikuvuta nguo ili ukae. Nimetubu kanisani kwa ajili ya jambo hilo, lakini kanisa si wewe. Nisamehe.

Kichomi kilikuchukua kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Wiki mbili baada ya kukuzika, wakaja na vigingi na kuvipiga upande ule ule wa kijiji. Tukaambiwa tuchimbe. Nilinyanyua jembe, Mama, nikashindwa. Nikaliweka chini na kuyasema maneno yako, ingawa siku hizi anayekataa kazi hulala selo. Wenzangu wakanitazama. Kisha nao wakaweka yao chini, mmoja baada ya mwingine.

Bwana wa wilaya akaitwa. Nilidhani atafoka, lakini aliuliza tu, kwa kile Kiswahili chake, "Nani najua maji nafika wapi?"

Swali gani hilo la kuwauliza wanawake wa Imenti. Yale mafuriko makubwa ya mwaka aliozaliwa ndugu yangu Mutuma yalifunika mawe yetu yote ya kutekea, na chungu hakingoji mto upungue. Kila mwanamke aliteka pale ukingo wa maji ulipomkuta, na mpaka leo hajapasahau. Basi nikawaambia kila mtu aende asimame alipotekea siku ile. Wakatawanyika, wakibishana juu ya hatua mbili tatu kama kawaida yao. Walipotulia, mstari wa wanawake ulikuwa umetoka mtoni ukapita katikati ya nyumba zetu za sasa. Mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya chifu, na hakusogea hata chifu mwenyewe alipokohoa ili apishwe.

Palikuwa na pengo moja. Nilipajua pahali hapo kwa sababu nilikuwa nyuma yako siku ile, nimebeba kibuyu changu kidogo. Nikaenda nikasimama.

Yule bwana aliutembea mstari wote, kofia mkononi. Aliponifikia akauliza kama niliteka maji hapo. Nikamwambia, "Mimi nilikuwa mtoto. Hapa ni pa mama yangu." Sijawahi kusema neno nikajisikia mrefu hivyo. Akaagiza vigingi ving'olewe.

Usifikiri tulikushukuru mara moja. Mwamba ule tuliupiga kwa mitaimbo na sururu mpaka viganja vikachubuka, na wengine walikutaja kwa maneno nisiyoweza kuandika. Lakini hakuna aliyeomba turudi kwenye udongo laini.

Mvua ya masika ilikuja kwa hasira. Bwawa likajaa siku ya soko, watu wote wakatoka kutazama. Maji yalipanda, yakaukuta mfereji wa mwambani, yakageuka yakashuka kwa kishindo kuelekea Mitunguu, mbali na nyumba zetu. Tulisimama tumeshikana mikono. Chifu sasa anasema hayo yalikuwa mawazo yake tangu mwanzo. Mwache, Mama. Wanawake wanajua.

Kaburi lako liko kwenye shamba letu la zamani, na tangu siku ya mazishi kibali cha kufika huko nimenyimwa mara mbili. Nitaomba cha tatu, na cha nne. Siku nitakayopewa nitakuja na Kanana, nimwonyeshe nyanya yake alipo.

Kwaheri, Mama. Lala sasa. Nyumba zote ni kavu.

Binti yako,
Karimi