Kobe wa Kisima cha Mama

Colonia Tacuarita, 2 Septemba

Binti yangu Griselda,

Ni matumaini yangu hujambo huko Rosario. Mimi mzima; nakula, nalala, naamka.

Nimempa dereva wa basi dumu la maji ya kisima, kama alivyokuwa akikutumia mama yako. Alikuwa akisema chai yetu ya yerba ikipikwa kwa maji ya mjini ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Tangu tumzike Juni sijui niifanyie nini mikono yangu, basi nikajaza dumu. Mvua imenyesha, mfereji wa bati umemwaga vizuri kisimani. Kobe wetu wa majini yumo kisimani, mnene na mkali kama Bi Hortensia wa jirani, anamaliza wadudu wote.

Msimu wa kupulizia magugu dawa umeanza. Tajiri kaleta mashine mpya, ina kiyoyozi. Nakaa ndani sihisi joto wala baridi.

Baba yako

Rosario, 24 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Ulikwenda kupimwa damu kama nilivyokuomba? Mimi mzima, ila siku zinapita tu bila mimi kujua leo ni siku gani.

Maji yalifika. Nitakuambia nilichofanya, ukasirike ukitaka. Unajua kazi yangu maabara: tunakuza seli za ini la binadamu kwenye visahani, tunazitilia dawa ya magugu, kidogo sana, kiasi ambacho mtu hawezi kukionja. Nilichuja maji ya nyumbani nikazipa seli nyingine. Chupa moja nikawapelekea wenzetu wapime. Dawa imo. Kidogo, lakini imo.

Seli hazikufa, Baba. Zipo, zinaishi, lakini zimejaa mafuta na zimeacha kazi zao. Ukiziweka kando ya zile tulizozitilia dawa, huwezi kuzitofautisha.

Sisemi ndiyo yaliyomuua Mama. Visahani vichache havitoshi kusema hivyo, na mkuu wangu akijua atanifokea. Nasema tu, usiyanywe.

Binti yako

Colonia Tacuarita, 6 Oktoba

Griselda,

Marahaba. Sijambo. Kupimwa sijaenda.

Kobe huyo aliwekwa kisimani siku mama yako alipoingia nyumba hii bibi arusi. Marehemu babu yako alisema, kobe akiwa hai, maji hayana neno. Jana nimemvuta kwa ndoo nikamtazama. Yu hai! Alitaka kuning'ata kidole. Nimwamini nani, yeye au visahani vyako?

Halafu fikiri. Shamba linaanzia pale uzio wa kuku unapoishia, na anayeendesha mashine ni mimi. Upepo ukivuma kuelekea kwenye bati letu, ni mimi niliyekuwa kwenye mashine. Nikikifunga kisima, nitakuwa nimesema nini?

Baba

Rosario, 15 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sikulaumu. Nilijaribu kukulaumu nikaona hata hasira sina, moyo umekufa ganzi. Ila mzazi nimebakiwa na mmoja. Kuwa hai kwa kobe hakuniambii kitu. Hata zile seli zi hai.

Nijibu.

Binti yako

Rosario, 9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Simu hupokei, dumu haliji. Nilikwenda kituoni kumuuliza dereva. Akaniambia, "Mzee wako yupo, dada. Nampungia mkono, ananitazama kama mti wa uzio." Nimecheka kidogo, halafu basi.

Andika hata mstari mmoja.

Binti yako

Colonia Tacuarita, 30 Novemba

Mwanangu Griselda,

Marahaba, mama. Hujambo? Unisamehe kwa kimya.

Nimepimwa. Ini limevimba. Daktari akaniuliza, "Mvinyo unakunywa kiasi gani, mzee?" Nikamwambia mimi nakunywa maji. Akasema nirudi baada ya mwezi.

Kisima nimekifunga. Nilichanganya saruji mwenyewe, nikapanga matofali, nikapaka juu. Nilidhani nitalia. Nikaosha koleo nikaingia ndani.

Uliniambia hunilaumu. Ahsante, lakini lazima mtu mmoja alitamke: aliyepulizia ni mimi, na aliyemtekea mama yako yale maji kila asubuhi alipokuwa mgonjwa kitandani ni mimi pia. Funguo za mashine nimemrudishia tajiri. Aliniuliza ninaumwa nini, nikasema siumwi popote. Ni kweli.

Sasa nanunua maji dukani. Yerba haina ladha, ila tangu Juni haikuwa na ladha.

Dereva atakupa dumu nililolikata juu. Nimemwambia asilitikise, ndani yumo kobe. Hapa hana tena pa kukaa, na kumtupa mtoni nimeshindwa. Mama yako alikuwa akimsalimu yeye kwanza asubuhi, ndipo anisalimu mimi. Mtafutie beseni kubwa na maji safi. Leo asubuhi nilimpa nyama, akaikataa.

Ukipata nafasi uniandikie kama anakula.

Baba yako