Korongo Asiye na Shahidi

Mpendwa tata, baba yangu,

Baridi ya Juni imerudi Kolwezi, ile uliyosema inauma kuliko mbwa wa jirani. Jumamosi nilivaa jaketi lako la kazini, nikachukua darubini na daftari, nikaenda kuzunguka kinamasi chetu nyuma ya reli.

Unamkumbuka yangeyange wako? Uliniambia ninyamaze, tukamnyemelea nusu saa nzima kwenye umande, kumbe ni mfuko mweupe wa madini ulionaswa kwenye matete. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulimfuta daftarini, ukatoa sheria: "Macho ya muntu moya inadanganyaka." Tangu siku ile hatukumwandika ndege mpaka sote wawili tumemwona.

Sheria hiyo imenitesa tangu ututoke. Mwaka jana nilimwona korongo wetu, yule mwenye shungi la dhahabu, aliyetoweka vumbi la malori lilipoanza kufunika matete. Lakini nilikuwa peke yangu, tena nimelia njia nzima. Sikumwandika. Nilihofu huenda ni hamu yangu kwako tu iliyomwona.

Jumamosi hii mama alinifuata. Ndiyo, mama huyuhuyu aliyekutania kwamba ndege asiyeingia sufuriani hakuna haja ya kumdamkia alfajiri. Alisema amechoka kubaki nyumbani akitazamana na kiti chako. Alilalamikia matope, akalalamikia baridi, akaimaliza chai yote niliyobeba. Kisha akanyamaza, na wewe unajua mama hanyamazi hivihivi. Nilitazama alikokuwa akitazama.

Walikuwa wawili, wakitembea taratibu majini, na katikati yao kinda lao, shungi bado fupi. Nilishika kalamu lakini sikuthubutu kuandika. Mama ndiye aliyenigusa mkono.

"Andika," akasema. "Na mi minaiona."

Nimewaandika wote watatu, tata, chini kabisa ya mwandiko wako wa mwisho. Nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu tukuzike. Mama naye ameshaanza kuuliza kama Jumamosi ijayo tutafika hadi upande wa ziwa la Nzilo, na amesema darubini yako ataibeba yeye.

Pumzika, tata. Daftari lako lina macho manne tena.

Binti yako